Keshi Isiyo na Karatasi: Ushuhuda Wangu wa Kodi, Houston

Nimefanya kazi ya keshi Marekani, na kodi ya pesa ile nimeilipa yote. Tangu mafuriko ya kimbunga Harvey ya mwaka 2017 mpaka mwanzoni mwa 2019 nilikuwa Houston, Texas, nikibomoa kuta zilizolowa maji na kusaidia kuzijenga upya, nikipokea noti ndani ya bahasha kila Ijumaa. Mwajiri hakunikata hata senti moja ya kodi. Fomu hakunipa. Nilipomuulizia alinifukuza, na mshahara wangu wa mwisho akabaki nao. Natoa ushuhuda huu kwa sababu kila ikifika Januari napigiwa simu na wenzangu, wa Dar, wa Mombasa, wa Uvira, na swali lao ni moja: "Mimi nalipwa mkononi, sasa hii kodi nafanyaje?"

Anayeuliza hivyo asichekwe. Kwetu Tanzania mtu aliyeajiriwa, asiye na kipato kingine, hajazi ritani ya mwaka. Mwajiri anakata PAYE, yaani kodi ya mshahara, anaipeleka TRA, mamlaka ya mapato ya kwetu, na habari inaishia hapo. Ukiingia Marekani na mazoea hayo unakuta mambo ni mengine. Mwenye kipato kilichofikia kiwango kilichowekwa anajaza ritani mwenyewe, na mwajiri anatakiwa kukata kodi mwaka mzima kisha akupe fomu W-2 inayoonyesha alichokulipa na alichokata. Asipokupa, wajibu wako haufutiki. Sheria ya Marekani inatoza kipato kutoka chanzo chochote, kije kwa hundi, kwa benki au kwa bahasha. Wengi tunadanganywa hapa. Vijana wa mjini wanakwambia, "Keshi serikali haiioni, kula maisha." Halafu miaka inapita, na siku unayohitaji kuonekana na serikali hiyohiyo, huonekani.

Nilifika 2016 kwa bahati nasibu ya viza, ile tunayoiita grini kadi. Kazi ya kwanza ilikuwa ya kubeba boksi, kwa maana yake halisi: ghala, zamu ya usiku, kupanga mizigo kwenye malori. Pale mshahara ulikuja na karatasi yake na kila makato yalionekana. Mwishoni mwa Agosti 2017 Harvey ikaja. Mvua ilinyesha siku kadhaa bila kukata, na sehemu kadhaa za jiji zilipata zaidi ya milimita 1,000. Katika Harris County, kaunti ya jiji hilo, peke yake nyumba zaidi ya 150,000 ziliingia maji. Ghala letu likafungwa, nasi tukaambiwa tusubiri simu. Simu haikuja.

Kilichokuja ni kazi ya kubomoa. Nyumba za huko zina mbao ndani ya ukuta na jipsamu juu yake, na jipsamu ikinywa maji ya mafuriko haikauki. Ukungu unaanza ndani ya siku mbili tatu, na nyumba nzima inanuka. Kwa hiyo unaikata kuanzia usawa wa kifua kushuka chini, unatoa sufi ya kioo iliyolowa, unang'oa mbao za sakafu kwa mtaimbo, unasukuma toroli mpaka barabarani. Mitaa ya Meyerland, karibu na mto wa Brays, ilikuwa na milima ya vitu vya watu: magodoro, makochi, piano, albamu za picha za harusi. Tulikuwa tukipita katikati ya huzuni ya watu tukiwa na nyundo mkononi, na nilijitahidi kila nyumba kuiheshimu.

Mkandarasi aliyenichukua alikuwa mdogo, mwenye magari mawili ya kubebea watu. Tulikuwa mchanganyiko: Wahondurasi, Wameksiko, Mnaijeria mmoja, ndugu mmoja Mkongo wa Uvira ambaye Kiswahili chake kilinipa faraja kubwa, na mimi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi gari linapita kutuchukua. Nyundo, barakoa, glavu, misumeno, vyote vyake. Leo unabomoa nyumba ipi, kesho unapaka rangi wapi, anasema yeye. Kuchukua kazi kwa mwingine alikataza. Malipo yalikuwa dola 600 kwa wiki, iwe umefanya saa arobaini au sitini. Naomba msomaji ayakumbuke mambo haya madogo, maana baadaye ndiyo yaliyoamua kesi.

Tangu wiki ya kwanza niliandika. Tarehe, mtaa, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, pesa niliyopokea, jina la aliyenikabidhi. Tabia hii imetoka nyumbani. Babu yangu alikata mkonge Tanga enzi za kipande, ile kadi iliyotiwa alama kwa kila siku ya kazi, na siku isiyotiwa alama haikulipwa. Alitusimulia hayo mpaka tukayachoka. Nilipopewa bahasha isiyo na maandishi yoyote, nikaona lazima kipande nijitengenezee mwenyewe. Daftari la shule la kurasa mia, kalamu, na kila Ijumaa picha ya bahasha kwa simu. Ujumbe wa bosi wa kutuambia saa ya gari sikuufuta hata mmoja.

Mwanzoni mwa 2018 nikamuuliza bosi fomu. Akasema hii ni keshi, keshi haina fomu, na akanipiga bega. Nikaenda maktaba ya mtaa ambako watu wa kujitolea wanajaza ritani bure kwa wenye kipato kidogo, mpango unaoitwa VITA. Nilikutana na mama mmoja mtu mzima, mwalimu mstaafu. Nikamweleza. Hakushtuka wala hakunihukumu. Alilivuta daftari, akasoma ukurasa hadi ukurasa, akasema, "Hiki ndicho unachohitaji. Fomu ya mwajiri ni ushahidi mmojawapo tu. Hata huu ni ushahidi."

Alinifundisha jambo ambalo nimelirudia kwa watu wengi. Kuna kikomo cha dola 600 ambacho watu wanakitaja vibaya. Kikomo kile kilikuwa cha mlipaji: akikulipa kazi ya kujitegemea kuanzia 600 kwa mwaka, anatakiwa kutoa fomu 1099. Kwa malipo ya kuanzia mwaka 2026 kikomo hicho kimepandishwa hadi 2,000. Lakini hakikuwa kamwe kikomo cha mpokeaji. Anayejitegemea akibaki na faida ya dola 400 tu kwa mwaka, tayari anawajibika kujaza ritani. Kwa hiyo mtu anayesema "sikupewa 1099, basi sidaiwi" anasoma wajibu wa mwenzake akidhani ni wake.

Kwa miezi ile michache ya 2017 mama yule alinijazia kama mtu anayejitegemea, kwa kuwa hatukuwa na karatasi nyingine. Kodi ya Social Security, yaani pensheni ya serikali, na ya Medicare, bima ya afya ya wazee, kwa anayejitegemea ni asilimia 15.3, ikihesabiwa juu ya sehemu kubwa ya faida, mbali na kodi ya mapato yenyewe. Nililipa. Iliuma, lakini nililipa. Kisha akanionyesha kwamba asiyekatwa kodi kwenye mshahara analipa mwenyewe mara nne, Aprili, Juni, Septemba na Januari, ili mwisho wa mwaka deni lisimwangukie kwa pamoja. Nikaanza. Awamu ya Aprili na ya Juni 2018 nilizitimiza kwa kuweka pembeni noti kutoka kila bahasha kabla sijagusa kitu kingine.

Agosti mama yangu akaanguka bafuni Tanga, nyonga ikavunjika. Wenye wazazi nyumbani mnajua simu ya namna hiyo inavyopigwa usiku. Ndugu walikuwa hospitali wakisubiri mimi niseme neno, na neno lenyewe ni pesa. Zilizokuwa za Septemba zikaenda kwenye chuma cha nyonga, za Januari zikaenda kwenye mazoezi na dawa. Alhamdulillahi, mama akasimama tena, akatembea kwa fimbo. Ila upande wa kodi nilijua kuwa Aprili 2019 nitafika na deni.

Januari 2019 nikamfuata bosi tena. Safari hii niliomba kwa maandishi, kwa ujumbe wa simu, kwa adabu: naomba W-2 ya mwaka 2018. Akanipigia, hakuandika. Sauti ilikuwa imebadilika. Alisema nikitaka makaratasi niende kwingine, na watu wa kazi hii wamejaa barabarani. Ijumaa ile bahasha yangu haikuja. Jasho langu la wiki nzima likabaki kwake. Jumatatu gari likapita pale kituoni halikusimama.

Nikakaa bila kazi, kodi ya nyumba inakaribia, kodi ya serikali inakaribia, mama anahitaji dawa. Wenzangu wakanipa ushauri wa upendo lakini wa hatari: usijaze kabisa mwaka huu. Ndugu yangu wa Uvira alinishika mkono akasema, "Ndugu, bosi hakukuandika popote. Wewe unajiandika kwa nini?" Nilimwelewa. Ametoka kwenye vita, akapita kambi ya wakimbizi, na kila alipoandikwa jina lake alikuwa na sababu ya kuogopa. Nilimjibu kwamba mimi nimechoka kutoandikwa.

Mwalimu wa maktaba akanielekeza kwenye kliniki ya kodi. Haya ni maneno ya kushangaza kwa mgeni, kliniki ya kodi, lakini ndivyo zinavyoitwa: ofisi za wanasheria na wahasibu wanaowatetea wenye kipato cha chini mbele ya IRS, mamlaka ya mapato ya Marekani. Nyingi zinapata ruzuku ya serikali na bado zinasimama upande wa mlipakodi. Zina wajibu pia wa kuwaelimisha watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kijana mwanasheria aliyenipokea aliuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nani anapanga saa? Vifaa ni vya nani? Ungeweza kumtuma mtu mwingine afanye kazi badala yako? Ungeweza kupata faida au hasara, au malipo ni yaleyale? Nikajibu. Akafunga kalamu akasema, "Wewe hukuwa unajitegemea. Ulikuwa mwajiriwa wake."

Hapa ndipo penye uzito wa ushuhuda wangu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Asilimia 15.3 ya anayejitegemea ni sehemu mbili zilizounganishwa. Kwa mwajiriwa, nusu yake, yaani asilimia 7.65, inakatwa kwenye mshahara wake, na nusu nyingine analipa mwajiri kutoka mfukoni mwake. Mwajiri anayekulipa keshi bila kukuandika amekuachia nusu yako, akakwepa nusu yake, akakwepa na bima ya ukosefu wa kazi, na mara nyingi amekwepa malipo ya muda wa ziada. Ukijaza kama unayejitegemea huku ulikuwa mwajiriwa, unamlipia nusu yake. Kwa kipato cha dola 28,000 kwa mwaka, anayejitegemea anadaiwa karibu 3,950 kwa kodi hizo mbili. Mwajiriwa anadaiwa 2,142. Tofauti hiyo kwa mtu wa bahasha ni kodi ya nyumba ya miezi miwili.

Sheria imeweka njia. Unajaza fomu SS-8, kuiomba IRS iamue kama ulikuwa mwajiriwa au la. Kisha kwenye ritani yako unaambatisha fomu 8919, ambayo inakuruhusu kulipa nusu yako tu, na mshahara ule unaingia kwenye kumbukumbu zako za Social Security. Si lazima usubiri uamuzi kwanza. Kuna alama unayoandika ya kusema SS-8 nimeshaipeleka na bado sijajibiwa. Mwanasheria alinieleza pia upande wa pili, bila kunifichia: SS-8 haifanywi kwa siri. IRS inamwandikia mwajiri kumtaka maelezo, na atajua ni wewe. Na ikiamuliwa kwamba hukuwa mwajiriwa, utadaiwa zaidi. Niliomba siku moja ya kufikiri. Nilisali, nikarudi, nikasaini.

Ushahidi tuliupanga mezani. Daftari. Picha za bahasha. Ujumbe wa bosi wa saa ya gari. Karatasi za benki za noti nilizokuwa naweka kila Jumamosi. Na kitu ambacho sikukitegemea: stakabadhi za kumtumia mama pesa. Kila Jumamosi au Jumapili, tarehe zikifuatana na Ijumaa za daftari, mwaka mzima. Mwanasheria alizipanga kwa tarehe akanyamaza, kisha akasema hajawahi kuona mtu mwenye kumbukumbu safi hivi ambaye hana hata stabu moja ya mshahara. Nilijisikia fahari, nakiri, na fahari ile nilimpa babu.

Tarehe 15 Aprili 2019 ritani yangu ilikuwa imeshakwenda. Baada ya kutoa zile awamu mbili, nilibaki na deni la dola karibu elfu mbili, na sikuwa nazo. Wengi huvunjika moyo hapa: wanaona hawana pesa, basi hawapeleki ritani. Ni hatari mara kumi. Adhabu ya kutopeleka ritani ni asilimia 5 ya deni kwa kila mwezi, mpaka ifike asilimia 25. Adhabu ya kuchelewa kulipa ni nusu ya asilimia moja kwa mwezi, na ukiwa umepeleka ritani kwa wakati kisha ukakubaliwa mpango wa kulipa kwa awamu, inashuka hadi robo ya asilimia. Riba ipo, lakini inahimilika. Nikaomba mpango huo, nikakubaliwa, nikawa nalipa kila mwezi kiasi kidogo ambacho hata wiki mbaya ingeweza kukibeba.

Mshahara niliodhulumiwa nao niliudai. Texas ina Tume ya Nguvukazi, Texas Workforce Commission, inayopokea madai ya mishahara isiyolipwa, bure, ilimradi upeleke ndani ya siku 180 tangu siku uliyostahili kulipwa. Wengi wetu tunaogopa, siku zinapita, haki inakufa kwa kuchelewa. Mimi niliwahi. Bosi alijibu kwamba hanijui. Nikapeleka ujumbe wake mwenyewe wa kuniita kazini. Tume iliamua alipe, akalipa.

IRS inasema wazi kwamba uamuzi wa SS-8 unaweza kuchukua miezi sita au zaidi, na wangu ulizidi. Wakati huo nilikuwa nimepata kazi hotelini, sehemu ya kufua mashuka, kazi yenye stabu na W-2. Kila nikirudi nafungua sanduku la barua kwanza kabla ya mlango. Mitaani habari zilikuwa zimeenea kwamba nimemshtaki bosi, na wapo walioacha kunisalimia. Nilihuzunika lakini sikuwachukia. Mtu anayelisha watoto kwa bahasha ile anaona anayeigusa ni adui yake.

Barua ilipofika ilisema nilikuwa mwajiriwa. Sababu zilizotajwa zilikuwa yale mambo madogo niliyokuombeni myakumbuke: saa, gari, vifaa, amri ya kila siku, malipo ya kudumu. Kwa uamuzi huo tukarekebisha pia ritani ya 2017, kwani sheria inampa mtu kwa kawaida miaka mitatu kurekebisha, na nilichozidisha nilirudishiwa. Nilimpigia mama. "Shikamoo mama, wamekubali." Akauliza wamekubali nini, nikamwambia wamekubali kwamba nilifanya kazi.

Kisha ukaja mwaka 2020. Machi hoteli zikafungwa kwa korona, sote tukarudishwa nyumbani. Mwezi huohuo Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwapa watu dola 1,200 kila mtu mzima mwenye sifa, na IRS ilitazama ritani za 2018 au 2019 kujua impelekee nani na kwa benki gani. Zangu ziliingia Aprili bila mimi kufanya lolote. Bima ya ukosefu wa kazi nayo nilipata, kwa sababu mshahara wangu wa hoteli ulikuwa umeandikwa, na juu yake serikali kuu iliongeza dola 600 kwa wiki mpaka mwisho wa Julai. Wenzangu wa bahasha walikuwa na njaa ileile, mafua yaleyale, watoto walewale, lakini hawakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba walikuwa na kazi ambayo sasa imepotea. Ndugu yangu wa Uvira alikuja kwangu jioni moja na mfuko wa plastiki umejaa karatasi zilizokunjamana. Tulikaa sakafuni tukazipanga. Zile 1,200 alizipata mwaka uliofuata, kupitia ritani ya 2020, na tangu hapo hajaacha kujaza.

Nilipoomba uraia, fomu iliuliza kama tangu nipate ukaazi nimewahi kutojaza ritani niliyotakiwa kujaza, na kama nina kodi iliyochelewa. Nilipeleka kumbukumbu za kila mwaka, ambazo IRS inazitoa bure. Afisa alizifungua, akaona 2017, 2018, 2019 na kuendelea, akazifunga, akaendelea na maswali ya historia. Jambo lililonikosesha usingizi miaka miwili lilikwisha ndani ya dakika moja.

Kuna na la uzee, ambalo vijana hawataki kulisikia. Pensheni ya Social Security inataka alama 40, na kwa mwaka huwezi kupata zaidi ya nne. Mwaka 2018 alama moja ilihitaji kipato cha dola 1,320, mwaka 2025 ilihitaji 1,810. Ni viwango vya chini, hata mtu wa bahasha anavifikia kwa urahisi, lakini havihesabiwi kama havikuandikwa. Wala usitegemee kuunganisha na michango yako ya NSSF, mfuko wa pensheni wa nyumbani, kwa sababu Marekani haina mkataba wa namna hiyo na Tanzania wala Kenya. Na kwa anayejitegemea, kipato ambacho hakikutolewa ritani ndani ya miaka mitatu, miezi mitatu na siku kumi na tano baada ya mwaka wake hakiingizwi tena kwenye alama zako. Nimeona mzee wa watu aliyesukuma toroli miaka kumi na tano, akaambiwa na kompyuta kwamba hakuwahi kufanya kazi. Hilo linanikasirisha mpaka leo, na ndilo linalonifanya niandike.

Kwa ndugu zangu wasio na vibali nasema kwa uangalifu zaidi. Sheria ya kodi inawahusu pia, na tangu 1996 ipo namba ya ITIN kwa wasio na haki ya kupata namba ya Social Security. Ila Aprili 2025 IRS na idara ya uhamiaji walisaini makubaliano ya kupeana taarifa, na jambo hilo limefika mahakamani. Msipeleke karatasi yoyote kabla hamjaongea na mwanasheria anayejua kodi na uhamiaji kwa pamoja. Mkwepeni anayejiita mtaalamu kwa kuwa tu ana kompyuta na duka la kutuma pesa.

Wewe mwenye haki ya kufanya kazi na unayelipwa mkononi, nakuomba uanze Ijumaa hii. Andika tarehe, mahali, saa, kiasi na jina la aliyekupa. Tunza ujumbe wote wa simu na stakabadhi zote za kutuma pesa nyumbani. Omba W-2 kwa maandishi. Januari ikifika, tafuta kliniki ya kodi iliyo karibu nawe. Orodha yake iko kwenye tovuti ya IRS, na msaada wao ni bure au kwa ada ndogo. Usipokuwa na pesa ya kulipa tarehe 15 Aprili, peleka ritani hivyohivyo, kisha omba kulipa kwa awamu. Nenda na daftari lako.